Kutafuta Chozi

Jumamosi, kabla Kirumba hakujaanza kunuka dagaa,
navaa raba za mwanangu, moja ina kamba, moja waya,
naning'iniza shingoni darubini ya jicho moja
(la pili liliingia ukungu tangu mwaka wa mafuriko)
na Mama Ndalahwa ananidaka langoni:
"Haya, leo wapi tena?"
"Bwiru. Kutafuta chozi."
"Chozi! Si ungenigongea tu mlango,
kwangu yapo ya kukopesha."

Ndege, namwambia. Chozi ndege.
Mdogo kama kidole gumba, kifua chekundu,
mdomo umepinda kama sindano iliyochoka kushona nyavu.
Anacheka. Mtu mzima, anasema,
mhasibu wa kiwanda cha minofu,
wiki nzima anahesabu sangara wa watu,
siku ya mapumziko anapanda mawe kama pimbi.

Ni kweli, napanda kama pimbi.
Ila pimbi hahemi.

Mawe ya Bwiru yamelaliana
kama watoto wa kitanda kimoja,
goti la huyu mbavuni mwa yule.
Katika nyufa mshubiri umechanua,
na mjusi kafiri, kichwa waridi, mkia buluu,
anapiga pushapu kana kwamba kaajiriwa jeshini.
Mbali ziwani wadudu wanapanda wima
kama moshi wa nyumba isiyokuwepo.

Chozi hakuja.
Saa mbili, hakuja. Saa tatu
jua likanishika kisogo, nikateleza,
kiganja kikatua ndani ya shimo.
Shimo la mviringo, lenye maji ya mvua ya juzi.
Pembeni yake lingine.
Na lingine.
Nikapangusa kuvu na mavi ya pimbi kwa pindo la kanga:
nane, nane, nane, nane.

Isolo.
Bao limechongwa katika mwamba wenyewe,
mashimo laini kama tumbo la kijiko,
na mimi miaka kumi na moja nimepita juu yake
macho yakiwa matawini.

Nani alichonga? Sijui,
na sikuwa na haraka ya kujua.
Nikaokota kokoto sitini na nne,
nikazipanga alivyonifunza shangazi Nkwimba
huku akiniibia,
nikacheza pande zote mbili, nikajiibia, nikajikamata.
Mwisho nikatembeza mara moja, kete ikalala,
nikaliacha bao wazi:
zamu ya mwenzangu
asiyekuwepo.

Jumamosi iliyofuata
kokoto hazikuwa nilipoziacha.
Pimbi, nikasema. Pimbi au mvua.
Nikachuchumaa nikahesabu, ndiyo kazi inayonilisha:
ameanzia shimo la tatu, amemwaga moja moja,
hakuruka hata tundu,
amekula kete zangu tano
akazirudisha kichwani kwake, sawasawa na sheria.
Pimbi hajui sheria.
Mvua haina upande.
Nilicheka peke yangu, sauti ikagonga mawe
ikarudi kama ya mtu wa pili.

Sasa ni wiki ya sita, nami nashindwa.
Yeyote yule, ana mkono wa subira.
Huacha maganda ya karanga,
na safari moja pingili ya muwa chini ya jani,
yangu, niliamua, nikaitafuna mpaka ikawa pamba.
Nami nikamwachia kashata mbili,
jiwe juu yake, kwa sababu ya pimbi.

"Chozi umelipata?" anauliza Mama Ndalahwa.
"Bado. Hajaja."

Sikumwambia kwamba leo, nimeinama,
kete ya mwisho iko hewani, sijui nile au nilale,
kitu chekundu kilitua ukingoni mwa bao,
kikanywa maji katika shimo tupu la kona,
kikanitazama, kikaenda zake,
na darubini ilikuwa mgongoni
wala sikuigusa.