Kumi na Moja kwa Ishirini

Mugoya aliniuzia spika mbili na neno moja.
Spika zilimtoa jasho mwenye bodaboda; neno likanitoa jasho mimi:
isiyopoteza.
Muziki usiopoteza hata chembe, alisema,
akisugua vidole kama mpishi anayepima chumvi.
"Huo wako wa rahisi umenyolewa, mzee.
Wamelikata gitaa kucha ili lipite kwenye tundu dogo."

Nikalipa. Bando likawa linakwisha kabla chai haijapoa.
Nikaketi hapa Walukuba, katika nyumba inayogawana ukuta
na jirani na kikohozi chake,
na naapa nilisikia
kidole kikiteleza juu ya uzi,
mate katika koo la mwimbaji,
vumbi la studio likitua.
Nikamwita mke wangu aje asikie.
Yeye alisikia maharage yakiungua.

Nyaketcho, aliye senia faivu na haamini kitu bila kipimo,
akasema: Baba, wewe unasoma kwanza ndipo unasikia.
Jina likiwaka kwenye simu, macho yanayapa masikio jibu.
Akatundika lesu katikati ya sebule.
Akatoa sarafu ya mia tano:
korongo, muziki kamili; ngao, ulionyolewa.
Mimi upande huu na daftari,
mtahiniwa mwenye mvi.

Mara ishirini.
Nilifumba macho. Nilisimama. Nilivua kofia.
Mara ya saba nilikuwa na hakika hata nikacheka kwa sauti.
Ya saba nilikosa.
Kumi na moja kwa ishirini, Nyaketcho akaandika
bila kutabasamu, na hilo ndilo lililoniuma.
Sarafu yenyewe, isiyo na sikio,
ingepata kumi.

Nikalaumu nyaya. Nikalaumu mvua juu ya mabati.
Nikalaumu umri: masikio ya miaka hamsini na minne
yanapoteza bila kuambiwa.

Mama alikuwa kitini mwake muda wote, akimenya njugu.
Miaka thelathini na miwili alisimama kwenye mitambo ya kufuma;
kiwanda kilikula masikio yake, kikamlipa kwa vitambaa vyenye dosari.
Ukitaka akusikie unamgusa bega.
"Niwekeeni ya Owere," akasema.

Ya Owere ni kaseti: harusi ya Tororo, baba na tarumbeta.
Mpwa wangu aliihamishia kwenye simu, akaapa haikupoteza kitu:
mikwaruzo yote imo, mbwa yumo, jenereta imo.
Nyaketcho akaicheza nzima. Kisha iliyonyolewa. Hakumwambia.

Mama akainamisha kichwa.
"Hapo," akasema. "Anavuta pumzi. Alikuwa na pumu,
akigeukia pembeni watu wasimwone."
Mimi sikusikia pumzi yoyote.
Ipi, Mama? Ya kwanza au ya pili?
"Ya pili gani? Mmerudia kitu kilekile.
Na lizimeni hilo friji."

Tukalizima.
Sikujua kwamba lilikuwa likiimba. Miaka sita limeimba noti moja
chini ya kila wimbo nilioulipia.
Tukaicheza mara ya tatu, sikumbuki ipi,
na kabla ya tarumbeta palikuwa na kitu kidogo,
kama mtu anayefungua bahasha asitake kuichana.
Labda. Labda nilisikia kwa sababu nilishaambiwa.

Bado nalipa. Nikikutana na Mugoya
namwambia tofauti ni kubwa mno.
Usiku nachomoa waya wa friji, naketi.
Asubuhi mke wangu ananusa maziwa, ananitazama,
anampelekea paka wa jirani.