Kifungu cha Nne

Saa saba usiku, Sinza. Feni inasukuma joto lilelile,
nami nasoma leseni ya draiva ya printa
kwa kidole, kama mtu anayepitia hati ya mirathi
akitafuta jina lake.

Tumia, inasema. Bure.
Ila usimpe mwingine.
Usifungue ndani, usirekebishe,
usihifadhi kwenye ghala lako.
Yaani futari kula,
sahani usivushe uani kwa jirani.

Basi nafunga kifurushi kitupu.
Ndani hamna draiva, mna anwani
na mistari kumi na minne ya maelekezo:
nenda mlangoni kwa mwenye mali, bisha, chukua,
linganisha alama za vidole,
zikitofautiana hata kidogo, tupa.
Pembeni naandika, kwa haya kidogo: si huru.

Asubuhi Mwalimu Chausiku ananipigia toka Mbagala.
Mashine ishirini na tatu, modemu moja,
bando la elfu mbili.
"Kila moja inakwenda kuchota kulekule,
megabaiti tisini, mara ishirini na tatu!
Si uchote mara moja utugawie, Ngwembe?
Zote ziko chumba kimoja."
Nikamwambia waya wa mita mbili ungetosha.
Kinachozuia ni kifungu cha nne.
Akanyamaza. Nikasikia kengele, viti vikiburutwa.
"Na hicho kifungu kinajua bei ya bando?"

Niliwaandikia wenyewe, barua fupi, ya adabu.
Jibu lilikuja kabla sijanyanyua mkono:
ombi lako limepokelewa.
Huu mwezi wa pili.

Jumamosi nikaenda, bando langu mfukoni.
Mashine ya kwanza. Ya pili. Foleni kama ya bombani.
Watoto wanabonyeza Nakubali
jinsi wanavyoitikia "shikamoo mwalimu", bila kusikiliza,
isipokuwa Tabu, soksi moja imeshuka,
aliyesoma hadi chini, kamusi magotini.
"Hapa wamesema nisimpe mtu.
Siwema akiniomba nimchapie kazi yake?"

Kuchapa mchapie, nikasema.
Programu yenyewe ndiyo usimpe.
Akafikiri. Akaniangalia mimi, akaangalia printa,
kisha akasogea kwenye benchi
Siwema apate pa kukaa.

Ya kumi na saba, bando likakata.
Sita zikabaki zimewaka,
zinapiga hodi
kwenye mlango wa mbali.