Hodi kwenye Sahani

Saa kumi na moja alfajiri. Moshi bado imelala,
huko Longuo mbwa wawili wanabishana na jenereta.
Umeme ulikatika usiku. Nimekuja na kandambili
kusoma nyuzi za kabati la joto:
thelathini na saba. Thelathini na sita na nusu.
Humo ndani anaishi shangazi Ndeanasia.

Si yeye. Ni punje ya msuli wa paja lake,
ndogo kama mchele uliovunjika,
tuliyoichukua Septemba kwa sindano nene
huku akiuliza kama tunalipa kwa kilo.
Sheria ya utafiti ilimfuta jina, ikampa namba.
Yeye mwenyewe akaninong'oneza koridoni:
"Arobaini na moja. Usije ukanichanganya na watu wa Machame."
Machi tukamzika Kibosho, kando ya migomba.
Seli zake hazikupewa taarifa.
Zinagawanyika. Kila siku ya tatu zinadai chakula.

Nyinyi mliofika kwake mnajua:
hodi haijaisha mdomoni,
"Karibu! Karibu ndani!" imeshatoka jikoni,
na kikombe, na vijiko vitatu vya sukari
ambavyo daktari alimkataza
naye akakubali, kwa upole, bila kutii.
Kitasa cha mlango wake kilikuwa pambo tu.

Sasa nadondosha insulini kwenye sahani yake.
Tone moja. Hodi.
Sukari imejaa uani, imekaa juu ya mawe,
inachafua kila inachokigusa:
jicho, figo, kidole kidogo cha mguu.
Nasubiri dakika tano. Hodi.
Kipokezi kipo ukutani, nimekihesabu.
Hodi inakifikia, kinatikisika,
lakini habari haivuki sebule.
Protini ya kwanza haimwamshi wa pili,
na wabebaji wa sukari wamelala chumba cha nyuma
kama wapagazi kwenye geti la Umbwe
ambao majina yao hayajasomwa.

Vitabu huandika: ukinzani.
Neno hilo lanikera. Linanuka lawama,
kama kliniki ya Jumanne, pale wanawake
wanaposomewa vijiko vyao mbele ya foleni.
Mimi sidhani nyumba ilikataa.
Nadhani iligongwa mchana na usiku, miaka ishirini,
hodi juu ya hodi juu ya hodi,
mpaka masikio yakaota sugu.
Hata simu yangu naiweka kimya mfukoni mwa koti.
Wiki ile ya mwisho shangazi alinibipu mara tisa.
Nilikuwa nimeshika pipeti. Nikasema, baadaye.

Adabu yetu ni hodi tatu; usipojibiwa, rudi.
Damu haijui adabu hiyo, wala mimi.
Ingekuwa Kibosho ningekwenda na jani la isale,
nikasimama mlangoni nalo, bila kusema neno.
Hapa nina glovu.

Saa mbili umeme unarudi. Elirehema kaja na maandazi,
kachukua filamu ya jana, kaibandika dirishani.
Tunaitazama kwa jua; mlima nyuma yake umejifunika.
Sahani ya tatu, ile tuliyoiacha kwa saa kumi na nane
bila tone la insulini, kimya kitupu,
kisha tukagonga mara moja tu:
pana mstari. Hafifu,
kama uzi uliochomoka kwenye kanga ya zamani.
"Uchafu huo," Elirehema anasema, mdomo umejaa.
Inawezekana.
Lakini mimi nimeusikia. Si karibu,
bado sana kufika karibu.
Ni mtu anaamka chumba cha ndani,
anapapasa kandambili gizani:
"Nani?"

Naandika tarehe. Naandika: 41, dakika ya kumi na tano, hafifu.
Naandika: rudia.