Kumi na Moja na Dakika Sitini

Angolwisye amenishika kichwa
kama boga linalotafutiwa pa kukatia.
"Usigeuke, Mwalimu. Wembe hauna macho."
Basi nimetulia, shuka imenibana shingoni,
na nje mvua ya Tukuyu inaanza upya
kama mtu aliyesahau kwamba ameshaeleza.

Saa iko ukutani, nyuma yangu.
Ninayoiona ni ile ya kiooni:
zawadi ya duka la mbolea, haina namba,
ina vistari kumi na viwili na jina la mbolea
ambalo humu ndani limekuwa neno la nchi isiyokuwapo.
Mshale wa sekunde unarudi nyuma, bila haraka,
kama bibi aliyesahau kitambaa kanisani.

Nina lori la kuwahi.
Kajolo, anayebeba majani ya chai, alisema
saa tatu na robo, na Katumba haisubiri mtu.
Natazama: mshale mfupi umeuvuka mstari wa tatu,
mrefu uko kwenye wa tano.
Saa tisa na dakika ishirini na tano! Alasiri!
Na mimi sijanywa hata chai.

Kisha nikakumbuka kazi yangu.
Darasa la sita, ubao wenye ufa,
sauti yangu mwenyewe ya asubuhi:
andikeni kumi na moja na dakika sitini
(ndiyo, sitini, msicheke,
ni kumi na mbili iliyovunjwa chenji)
halafu toeni mnachokiona.
Sitini toa ishirini na tano, thelathini na tano.
Kumi na moja toa tatu, nane.
Hiyo ni nane ya mishale;
sisi tunaohesabu tangu kulipokucha
tunatoa sita tena. Mbili na thelathini na tano.
Hesabu mbili ndani ya kichwa kimoja,
nacho kimenyolewa upande mmoja tu.

"Saa ngapi, fundi?" nikamjaribu.
Hakuinua hata nyusi.
"Mbili na thelathini na sita."
"Umekokotoaje?"
"Nikokotoe nini? Mwaka wa kumi na tisa huu
nimesimama hapa, uso kwenye kioo.
Saa niijuayo ni hii. Ile ya ukutani ndiyo inanichanganya.
Jumapili naitazama ya kanisani, nainuka kwenda zangu,
mchungaji yuko somo la kwanza.
Tumpe hunivuta koti."

Akarudi kisogoni. Wembe, spiriti, moto.
Nilipofumbua macho
mshale mfupi ulikuwa juu ya mstari wa tatu, sawasawa,
mrefu umesimama wima.
Nikaanza: kumi na moja na sitini, toa tatu,
nane na sitini, yaani tisa.
Toa sita.
Tatu.

Nikarudia. Tatu.
Nimeuzunguka Rungwe mzima, mguu kwa mguu,
nikajikuta mlangoni nilipotokea.
Kioo kimegeuza, lugha nayo imegeuza,
na kugeuzwa mara mbili kumeninyoosha.
Saa sita na saa kumi na mbili, hilo nalijua,
kioo na ukuta husema mamoja.
Lakini tatu hii, na tisa mwenzake,
kioo huzungumza Kiswahili.
Sijawahi kuwafundisha. Sidhani kama limo kwenye muhtasari.

Nilitaka kumwambia Angolwisye
lakini alikuwa ananipaka poda, na mtu mwenye brashi
karibu na mdomo wako hasikilizi hoja.
Akanipangusa masikio. Akatafuta chenji,
akaikosa, akamtuma kijana duka la jirani,
kijana akakuta mvua.

Honi ikalia barabarani.
Hapo ndipo nilipogeuka, shingo ikiwaka,
kuitazama saa yenyewe usoni,
na kwa pumzi moja nzima sikuweza kuisoma.
Ukutani: na robo.
Kiooni: kasoro robo.

Nikakimbia kwa ile ya ukutani,
nikiitamani ile nyingine,
ambamo lori bado halijafika
na fundi ana nusu saa nzima
ya kunirudishia nywele.