Ufa wa Mashariki

Kwanza nilidhani ni kipande cha sleti kimebanduka,
kijivu juu ya kijivu,
ila kilikuwa kinapanda.
Mimi nilikuwa chini, kamba mikononi,
Jansugi juu, nyayo ukutani, ndoo ya chokaa kiunoni,
anaziba nyufa za mnara wa shangazi Mzekala
kabla baridi ya Svaneti haijapigilia kabari zake za barafu.

"Usisogee," akasema. Kana kwamba ningeweza.

Kile kijivu kikafunua mbawa.

Wekundu wa kaa la moto
ukilipuliza nalo likakujibu,
na kwenye ncha vidoa vyeupe, vinne, vitano,
kama vya fundi aliyekuwa anajaribu brashi.
Akazifunga. Jiwe tena.
Akazifunua. Kila hatua vivyo hivyo,
kama mtu anayepapasa pesa mfukoni
haamini kwamba bado zipo.

Mdomo wake sindano ya kushonea magunia, imepinda,
mrefu kuliko kichwa kinachoubeba.
Anauchomeka ufani hadi machoni, anachokoa,
anatoka na buibui, miguu inaning'inia kama ndevu.
Meza. Hatua. Ufa mwingine.
Kigong'ota huegemea mkia kama mkongojo;
huyu wake mfupi, haumfai kitu.
Ana kucha tu, na ukaidi.

Jansugi akanong'ona kutoka juu:
kiangazi hukaa kule kwenye magenge, jirani na barafu,
dume koo jeusi kama aliyekunywa masizi.
Sasa koo limepauka, ameshuka peke yake.
Majira ya baridi kila mmoja na ukuta wake,
mke huku, mume kule, asivuke mtu.
"Kama shangazi yako na marehemu."
Nikacheka, kamba ikatikisika,
akanitukana kwa Kisvani, kwa sauti ya chini, asimtishe ndege.

Ndipo ndege akafika tulikoziba jana.
Akachomeka: chokaa.
Akasogea kushoto: chokaa.
Akaufuta mdomo kwenye jiwe, upande huu, upande huu,
kama anayenoa kisu nyumba isiyo na nyama.
Akajiachia.
Akaanguka karibu hadi kwenye kichwa changu,
kisha mbawa zikaikamata hewa, pana, za kipepeo aliyelewa,
akaenda mnara wa kina Ivdite
na kuanza tena, chini kabisa.

"Hazidi funguo mbili kwa uzito," alisema Jansugi,
kisha hakusema lolote hadi jua likazama.

Jioni shangazi aliuzunguka mnara na tochi.
"Na huu wa mashariki?"
"Chokaa imekwisha."
Ndoo ilikuwa nusu. Nilikuwa nimeishika mimi.
Nikaifunika kwa koti langu.

"Maji yataingia."
"Kidogo."

Akaumulika ule ufa, muda mrefu kuliko ufa unavyohitaji,
kisha akalitazama koti langu,
nami nikiwa natetemeka kwa baridi.
"Mwakani, basi," akasema,
akazima tochi.