Visu Kumi na Tisa

Jumamosi Kiboriloni wenzangu wanapekua mashuka,
wanapimana makoti yaliyoshonewa baridi ya nchi nyingine.
Mimi napita moja kwa moja hadi kwa Anaeli, mwishoni,
kwenye turubai la vyuma: bawaba, koki,
funguo zilizofiwa na kufuli,
na chini yake, ukivumilia vumbi, kisu cha kukunja.

Elfu mbili. Nikinuna, elfu moja na mia tano.
"Mama Nderingo, hivi unachinja wapi na vitu hivi?"
Sichinji. Hata kuku wangu namwita jirani.
Wanasema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama;
vyangu kumi na tisa havikati hata uzi wa kiroba,
na meno ya nyama yenyewe yalishaniaga.

Vinakaa kwenye kopo la biskuti juu ya kabati,
vimelala ndani ya soksi ya shule ya kitinda mimba wangu,
vinanuka mafuta ya cherehani.
Umeme ukikatika, navitoa.
Sihitaji taa. Navijua kwa kidole gumba.
Hiki cha mpini wa pembe, una ufa unaokwaruza.
Hiki kina kifungua chupa: mwenyewe alikuwa mtu wa harusi.
Hiki kimelika upande mmoja tu.
Shoto, nasema. Mpogoa kahawa,
aliyenoa kila alfajiri juu ya jiwe lilelile la mfereji.
Nabuni, najua. Kisu hakitoi ushahidi.
Kinafumba mdomo tu: tak.

Cha baba sinacho.
Kilikuwa na mpini wa bati na jina la mji wa mbali
ambalo hakuna aliyeweza kulitamka pale nyumbani.
Ghalani kilikata kamba za magunia ya ushirika;
jioni kilinitoa funza.
Aliipitisha ncha kwenye moto wa kibatari,
akaniambia nihesabu migomba hadi mpakani kwa Makundi,
na sikuwahi kuufikia mgomba wa saba.
Nililia. Si kwa maumivu, nilikitaka kisu.
Mama akasema, mtoto akililia wembe, mpe.
Baba akasema, asubiri.

Nikasubiri. Mwaka kahawa ilipoanguka bei
kisu kiliondoka pamoja na redio na baiskeli,
na mimi nikaenda sekondari.

Mwezi wa tano, mvua imegoma kukatika,
akaja kijana wa idara ya maji, Ewaldi, kusoma mita.
Akavikuta mezani juu ya kanga, vinakauka.
Akaokota kimoja, chenye mpini mwekundu ulioungua,
akakaa nacho mpaka chai ikafanya utando.
"Huu moto naujua," akasema.
"Baba mkubwa alikisahau mafigani
siku walipomletea habari za mwanawe.
Alikitafuta kwenye majivu kwa mikono mitupu."

Kuna waliopoteza visu hapa Moshi, wengi,
sikuwahi kufikiri kwamba mmoja angekuwa na mpwa
mwenye viatu vya mpira na daftari la mita.

Nikakifunga kwenye gazeti.
Mtu akirudishiwa chake haulizwi bei.
Akakisukuma kikarudi upande wangu.
"Kwetu kitaparua magamba ya perege, kisha kitapotea tena.
Hapa kinapata mafuta."

Sasa kila mwisho wa mwezi anainama kwenye mita,
anafuta tope kwenye kioo, anaandika namba zake,
ananawa mikono, anakaa.
Anakifungua. Anakifunga. Tak.
Mara mbili. Hajawahi mara ya tatu.
Kisha ananitajia bili,
nami nalalamika kama watu wengine.