Toa Uzito wa Kapu

Siku za juma napima dagaa, Mwaloni Kirumba.
Jumamosi napima vijana.
Kocha Bugumba ananipa daftari na kalamu iliyotafunwa,
"Wewe una jicho la mizani," anasema,
nami nakaa juu ya jiwe, maana hapa Igogo
kila palipotakiwa kiti Mungu aliweka jiwe,
naandika: gongo, kituo, mzunguko, nje.

Nafasi imebaki moja kwenye basi la Dar.
Majina mawili.

Nkwabi akipiga, mpira hauulizi njia.
Unapita juu ya bati la choo cha walimu,
unawapita korongo waliosimama kama madalali wasio na mteja,
na siku moja uliteremka mpaka kwenye magugu maji,
kijana wa mtumbwi akaurudisha kwa mia mbili.
Mizunguko kumi na minane tangu Februari.
Wino wake umeloweka karatasi, unasomeka upande wa pili.

Mafuru hapigi. Tuseme ukweli: Mafuru
hulipunga gongo kama anayefukuza wadudu wa ziwani.
Mizunguko minne, na mmoja alisukumwa.
Lakini msimamishe kati ya kituo cha pili na cha tatu,
pale ardhi inapoinama na changarawe hugeuza mpira
kama neno kinywani mwa mwongo:
mkono wake umeshafika.
Hajirushi. Havumbishi vumbi. Hapigiwi makofi,
kwa kuwa hakuna aliyejua kilichokuwa kinakuja.

Wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta.
Sawa. Nani amewahi kumlipa fundi
kwa ukuta ambao haukuanguka?
Hata daftari halina safu
ya mpira ambao haukupita.

Nikaanza kutia nukta pembezoni, kwa penseli,
kila alipodaka ambapo mwingine angekosa.
Mwingine yupi? Swali hilo lilinikalia kifuani usiku kucha.
Si bingwa, si kipofu. Mtu wa kawaida tu,
wa kumwokota kona ya Mabatini akinywa kahawa.
Nikamchukua Shigela, mwana wa dada yangu,
ambaye hudaka akikumbuka.
Nikamsimamisha pale, kichwani mwangu, mechi kumi na moja,
nikahesabu alivyoniaibisha.

Nukta kumi na tisa.
Si kila nukta ni mzunguko, najua. Nikazigawa kwa mbili,
kisha nikaona nimemdhulumu, nikamrudishia mmoja.
Jumla, pamoja na minne yake: kumi na minne na nusu.

Kwa Nkwabi nikafanya tunachofanya kazini:
toa uzito wa kapu.
Kapu likilowa ni zito, na muuzaji hupenda lilowe.
Mipira iliyompita miguuni akitazama wasichana wa kidato cha nne,
ule alioutupa nyumbani ukatua kwenye sufuria ya mama lishe,
toa, toa. Minne.
Ikabaki kumi na minne.

Nusu mzunguko! Nusu ni nini?
Ni mtu amesimama kituo cha pili, ananing'oa kwa macho.

Nikaandika Mafuru.
Kocha akavaa miwani, akasogeza daftari kwenye mwanga.
"Hizi nukta si kinyesi cha nzi?"
Nikamweleza. Nikamweleza tena. Akasaini
kama mtu anayesaini deni la shemeji.

Jumatatu mama yake Nkwabi akaja na dagaa wa Ukerewe.
Hakunisalimu. Akatua kapu, maji yakichuruzika miguuni mwetu.
Nikapima. Nikatoa kilo ya kapu, kama siku zote.
Akautazama mshale mpaka ukatulia.
"Rudia," akasema.

Nikarudia.